Jinsi ya kupima hisa za kampuni ya kilimo kabla ya kununua: mwongozo kamili kwa mwekezaji wa soko la Nairobi

Katika Soko la Hisa la Nairobi kuna kikundi kidogo cha kampuni ambazo wawekezaji wengi huzipita bila kuzitupia jicho. Ni kampuni za kilimo, sita kwa jumla: Kakuzi, Sasini, Williamson Tea, Kapchorua Tea, Limuru Tea na Eaagads. Wanaozitazama nao huzitazama siku moja tu kwa mwaka, siku matokeo yanapotangazwa na gawio nono likaandikwa gazetini. Wananunua kwa kuwa faida imepanda maradufu. Mwaka unaofuata mvua inakatika au shilingi inapata nguvu, faida inayeyuka, nao wanauza kwa bei ya hasara.

Faida ya mwaka mmoja ndiyo takwimu ya kuaminiwa kidogo kuliko zote katika ripoti ya kampuni ya shamba. Ukiiegemea hiyo, utanunua kila mara bei ikiwa juu na kuuza ikiwa chini. Hatua zilizo hapa chini zinakuelekeza kwenye mambo matatu yanayodumu zaidi: wastani wa misimu mingi, ardhi, na tabia ya mwenye usukani wa kampuni. Unachohitaji ni ripoti za mwaka za miaka minane hivi, ambazo kampuni nyingi huweka kwenye tovuti zao, kikokotoo, na jioni chache za kusoma kwa utulivu.

Hatua ya 1: Jua kampuni inapatia wapi riziki yake

Kuna mkulima, kuna msindikaji, na kuna mfanyabiashara wa mazao. Watatu hawa huwekwa kapu moja, lakini habari inayomneemesha mmoja inaweza kumuumiza mwenzake.

Mkulima ni kama Kakuzi ya Makuyu, Murang'a, yenye avokado, makadamia, chai, mifugo na misitu ya mbao. Bei ya zao ikipanda, yeye hufaidi moja kwa moja, kwa sababu gharama zake hazibadiliki sana. Msindikaji hununua mali ghafi kwa wakulima wengine, kwa hiyo anachokula ni pengo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Bei ya juu inaweza kumkausha. Sasini ina mguu mmoja huku na mwingine kule: inalima chai na kahawa, na pia inasindika makadamia inayonunua kwa wakulima. Serikali ya Kenya ilipofungua mlango kwa muda, mwishoni mwa 2023, ili makadamia yasafirishwe nje yakiwa na maganda, mkulima mdogo alipata wanunuzi zaidi, na viwanda vya ndani vikapata washindani wa mali ghafi.

Mfanyabiashara wa mazao ni wa aina ya kampuni mbili zenye makao Marekani, ziitwazo ADM na Bunge. Hawa husafirisha, huhifadhi na kukamua nafaka na mbegu za mafuta kwa mamilioni ya tani, wakiishi kwa faida nyembamba kwa kila tani. Ukiwapima hao, jambo la kwanza si mvua bali ni uaminifu wa vitabu. Januari 2024 ADM ilipotangaza kwamba inachunguza hesabu za mauzo kati ya vitengo vyake yenyewe, na kwamba mkuu wake wa fedha amewekwa kando, hisa zake ziliporomoka takriban 24% kwa siku moja.

Fungua sehemu ya ripoti inayogawanya mapato kwa vitengo. Andika kila zao linaleta asilimia ngapi ya mapato na, muhimu zaidi, asilimia ngapi ya faida. Mara nyingi utashangaa. Zao linalopamba jalada la ripoti si lazima liwe ndilo linalolipa gawio.

Hatua ya 2: Fuatilia bei mpaka pale inapozaliwa

Kampuni ya chai haipangi bei. Bei hupangwa kwenye mnada wa Mombasa, unaoendeshwa na Chama cha Wafanyabiashara wa Chai wa Afrika Mashariki, ambapo huuzwa chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine, na hesabu yote hufanywa kwa dola. Pakistan ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya. Matokeo yake ni kwamba hali ya akiba ya dola kule Islamabad, vita vya Sudan au uamuzi wa serikali ya nchi moja ya mbali unaweza kugusa gawio lako. Machi 2025 Sudan ilipiga marufuku bidhaa za Kenya, chai ikiwemo, na makontena yaliyokuwa yakielekea huko yakakwama.

Mvua nayo ina kinyume chake. Mvua ikinyesha vizuri Kericho, Nandi na Bomet, majani yanakuwa mengi na bei mnadani inashuka. Ukame ukiingia, majani yanapungua na bei inapanda. Kampuni yenye majani bora huponea hapo, kwa kuwa chai yake hupata bei ya juu ya wastani wa mnada hata siku mbaya. Kwa hiyo kwa kila kampuni ya chai tafuta namba mbili kila mwaka: kilo za chai iliyosindikwa na bei ya wastani kwa kilo kwa dola. Linganisha bei hiyo na wastani wa mnada wa mwaka huohuo. Kampuni inayoshinda wastani wa mnada miaka minane mfululizo ina kitu ambacho mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, haikionyeshi.

Serikali na vyama pia huingiza mkono. Julai 2021 chai ya wakulima wadogo, inayosimamiwa na wakala wao KTDA, iliwekewa sharti la kutouzwa chini ya dola 2.43 kwa kilo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima, lakini wanunuzi walihamia chai nyingine, na shehena kubwa ya chai ya bei ya chini ikabaki maghalani kabla sharti hilo kuondolewa. Mashamba makubwa hayakubanwa na sharti lile kwa namna ileile, lakini shehena inayosubiri sokoni ni kivuli juu ya bei ya kila muuzaji.

Sasa sarafu. Chukua kampuni ya mfano inayouza kilo milioni 10 za chai kwa mwaka kwa dola 2.50. Hiyo ni dola milioni 25. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu Sh160, na kwa kiwango hicho mapato ni Sh4 bilioni. Kufikia katikati ya mwaka huohuo dola ilikuwa imerudi karibu Sh130, na chai ileile, kwa bei ileile, inaleta Sh3.25 bilioni. Sh750 milioni zimetoweka, wala hakuna kichaka kilichokauka. Mishahara, kuni na sehemu kubwa ya umeme vinalipwa kwa shilingi na havikushuka. Linganisha na anguko la bei: ikishuka senti 20 za dola kwa kilo, kampuni hiyo hupoteza dola milioni 2, yaani Sh260 milioni. Mwekezaji anayefuatilia mnada na kusahau sarafu amefuatilia nusu ndogo ya habari.

Kahawa hufuata bei ya dunia inayotajwa New York, pamoja na ziada ya ubora inayopatikana mnadani Nairobi. Baridi kali ya Brazil ya Julai 2021 ilipandisha bei Kiambu, na mwanzoni mwa 2025 bei ya arabika New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho haikuwahi kufika. Avokado haina mnada wa namna hiyo. Tunda huuzwa Ulaya kwa bei ya wiki, likishindana na la Peru, na kufika kwake likiwa zima kunategemea meli. Meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu kutokana na mashambulizi ya mwishoni mwa 2023 na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ilirefuka na matunda yakafika yakiwa yamechoka. Kakuzi ilifunga mwaka 2024 kwa hasara.

Hatua ya 3: Ondoa faida ambayo haijavunwa

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na ndipo nakuomba utulie zaidi.

Kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa kilimo, IAS 41, huitaka kampuni ipime mimea na mifugo yake kwa thamani ya soko kila mwisho wa mwaka, na mabadiliko ya thamani hiyo yaingie kwenye faida. Tangu Januari 2016 kanuni ilirekebishwa: kichaka cha chai au mti wa avokado, unaozaa miaka na miaka, sasa huhesabiwa kama mtambo na kushuka thamani polepole, ila jani na tunda lililo juu yake bado hupimwa kwa thamani ya soko. Ni kana kwamba ng'ombe angekuwa kwenye hesabu moja na maziwa yaliyo kiweleni kwenye nyingine. Miti ya mbao, ambayo yenyewe ndiyo mazao, imebaki kwenye hesabu ya thamani ya soko yote.

Maana yake kwako ni kwamba sehemu ya faida inayotangazwa inaweza kuwa makadirio ya matunda ambayo hayajachumwa, kwa bei ambazo hazijapatikana, yatakayosafirishwa na meli ambazo hazijafika. Makadirio hayo hufanywa na wakurugenzi. Mkaguzi huyapitia, na mara nyingi huyataja katika maoni yake kama jambo lililohitaji uangalifu wa pekee. Soma aya hiyo ya mkaguzi kabla ya kusoma barua ya mwenyekiti.

Fanya hivi. Kwenye taarifa ya faida na hasara tafuta mstari wa mabadiliko ya thamani ya mazao au mali za kibayolojia. Kama ni ongezeko, litoe. Kama ni upungufu, lirudishe. Kisha nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, uchukue fedha zilizotokana na shughuli za kawaida, utoe fedha zilizotumika kupanda upya, kununua mitambo na kukarabati kiwanda. Kinachobaki ndicho chakula cha mwenye hisa. Ukilinganisha namba hiyo na faida iliyotangazwa kwa miaka minane, jumla zinapaswa kukaribiana. Kama faida iliyotangazwa inaizidi fedha halisi mwaka baada ya mwaka, wala hakuna upanzi mpya mkubwa unaoeleza pengo hilo, acha hisa hizo.

Usiichukie kampuni kwa sababu tu inatumia fedha kupanda. Avokado au makadamia huchukua miaka kadhaa kabla ya kulipa, na kampuni inayopanda leo inajinyima gawio kwa ajili ya kesho. Uliza tu ni ekari ngapi zimepandwa lini, na ngapi bado hazijaanza kuzaa. Kampuni nzuri huandika umri wa miti yake. Kampuni isiyoandika, mwandikie ofisi ya katibu wa kampuni uulize. Mwenye hisa hata mia moja ana haki ya kuuliza, na mkutano mkuu wa mwaka upo kwa kazi hiyo.

Hatua ya 4: Panga miaka minane kwa mstari mmoja

Tuchukue kampuni ya kubuni yenye hisa milioni 20, inayouzwa kwa Sh300 kwa hisa, hivyo soko linaithamini Sh6 bilioni. Baada ya kusafisha kama tulivyofanya juu, faida yake ya miaka minane, kwa mamilioni ya shilingi, ni 420, 610, 180, hasara ya 40, 350, 720, 90 na 310.

Aliyenunua baada ya mwaka wa sita aliona faida ya Sh36 kwa hisa na kujiambia kwamba bei ni mara 8 tu ya faida, bei ya bure. Lakini jumla ya miaka yote minane ni Sh2.64 bilioni, wastani Sh330 milioni kwa mwaka, yaani Sh16.50 kwa hisa. Kwa wastani huo bei ni mara 18 ya faida. Ni kampuni ileile, bei ileile, na picha mbili tofauti kabisa.

Kuna kosa jingine linalofanywa hata na wachambuzi wanaolipwa. Tuseme kampuni hiyo ina Sh1.6 bilioni benki, au Sh80 kwa hisa, na haina deni. Mchambuzi hutoa Sh80 kwenye bei ya Sh300, anabaki na Sh220, anaigawa kwa Sh16.50 na kupata mara 13. Amesahau kwamba ndani ya ile Sh16.50 kuna riba ya zile fedha za benki. Kama zinaleta 10%, ni Sh160 milioni kwa mwaka, na baada ya kodi ya kampuni ya 30% zinabaki Sh112 milioni. Shamba lenyewe basi limeleta Sh218 milioni, yaani Sh10.90 kwa hisa. Gawanya Sh220 kwa Sh10.90 upate mara 20. Fedha ukizitoa upande mmoja, toa na riba yake upande wa pili.

Hili si jambo la nadharia tu. Kampuni kadhaa za chai za Nairobi zimekaa miaka mingi na akiba kubwa benki na bila deni la kutisha. Riba za Kenya zilipopanda 2023 na 2024, baadhi ya faida iliyosifiwa kama ya shamba ilikuwa ya benki.

Miaka minane ni kiasi cha chini. Kiasi hicho kwa kawaida hukutana na ukame angalau mmoja, mvua nyingi za El Niño, na kupanda na kushuka kwa bei. Ikiwa kampuni imebadilisha zao kuu katikati, kama kutoka kahawa kwenda avokado, miaka ya kabla ya hapo haikusaidii sana, na hapo itakubidi uwe mgumu zaidi kwenye bei unayokubali kulipa.

Hatua ya 5: Pima ardhi, kisha pima haki ya kuishika

Thamani kubwa ya kampuni hizi iko chini ya mizizi. Ardhi iliyoandikwa vitabuni kwa gharama ya miaka ya zamani inaweza kuwa na thamani mara nyingi zaidi leo, na hili ndilo linalowavuta wawindaji.

Mfano ulio hai ni wa Rea Vipingo, kampuni ya mkonge ya Kilifi. Mwishoni mwa 2013 mwanahisa wake mkuu alitoa ofa ya kununua hisa zilizosalia kwa Sh40. Wengine waliona alichokuwa akikiona: maelfu ya ekari karibu na bahari, kaskazini mwa Mombasa. Kampuni ya uwekezaji ya Centum ikaja na ofa yake, na mnunuzi wa tatu akaingia. Vuta nikuvute hiyo iliishia Sh85 kwa hisa, kampuni ikatoka sokoni 2015, na Centum ikabaki na takriban ekari 10,000 za ardhi ya Vipingo. Aliyeuza mapema kwa Sh40 aliuza kwa bei ya mkonge mali iliyokuwa na bei ya ufuo.

Jaribu hesabu hiyo kwa kampuni yetu ya mfano. Ikiwa ina ekari 5,000, soko linaithamini Sh6 bilioni na Sh1.6 bilioni ni fedha, unalipa Sh4.4 bilioni kwa ekari 5,000, sawa na Sh880,000 kwa ekari, kiwanda kikiwemo. Uliza bei ya ekari ya kilimo ya eneo hilo, si bei ya kiploti cha robo ekari kando ya barabara. Shamba la chai haligeuki mtaa wa nyumba bila kibali cha kubadilisha matumizi, bila maji, na bila miaka ya kusubiri.

Halafu uliza swali ambalo wengi hawaulizi: kampuni inaishika ardhi hiyo kwa hati gani? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia anaweza kushika ardhi kwa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Kampuni iliyo sokoni yenye mwanahisa mkuu wa Uingereza haiwezi kudai hivyo. Hati za miaka 999 zilizotolewa enzi ya ukoloni, zikiwa mikononi mwa wasio raia, ziligeuzwa kuwa za miaka 99 kuanzia Agosti 27, 2010. Angalia maelezo ya ripoti kuhusu hati za ukodishaji na miaka iliyobaki.

Kuna pia madai ya jamii zilizoondolewa kwenye ardhi hizo wakati wa ukoloni, Kericho, Nandi na Murang'a, yaliyofikishwa mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi na mahakamani. Naamini madai haya yana uzito wa haki, na mwekezaji anayeyaona kama kelele tu hajajifunza historia ya mashamba anayotaka kumiliki kipande chake. Kwa upande wa hesabu, yanamaanisha usilipe thamani yote ya ardhi. Mimi singehesabu zaidi ya nusu.

Hatua ya 6: Deni

Hapa ni pafupi. Mapato yanayoyumba hayaendani na riba isiyoyumba. Mumias Sugar iliingia sokoni 2001 kwa Sh6.25 kwa hisa na kuwa kipenzi cha wawekezaji wadogo wa Kenya nzima. Miaka ya uhaba wa miwa, sukari ya bei nafuu kutoka nje, usimamizi mbovu na madeni iliimaliza, na Septemba 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na mdai. Wenye hisa walibaki na karatasi. Kanuni ninayoifuata: chukua faida ya mwaka mbaya kuliko yote kati ya minane, kabla ya riba. Kama haitoshi kulipa riba ya deni la leo, na akiba ya benki haizibi pengo hilo kwa miaka miwili, sinunui kwa bei yoyote.

Hatua ya 7: Watu wa shambani

Gharama kubwa ya chai ni mikono. Mazungumzo ya mishahara na chama cha wafanyakazi wa mashamba yanaweza kumalizikia mahakamani na kuleta malimbikizo ya miaka kadhaa yalipwe kwa mkupuo. Mashine za kuchuma zinapunguza gharama, lakini zinaondoa ajira za familia ambazo hazina kingine, na 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto Kericho. Soma maelezo ya kesi zinazosubiri uamuzi, mwisho kabisa wa ripoti.

Kisa cha Kakuzi kinaonyesha jinsi mambo ya utu yanavyogeuka kuwa mambo ya fedha. Oktoba 2020, gazeti moja la Uingereza liliandika madai ya ukatili uliofanywa na walinzi wa kampuni dhidi ya wanajamii. Duka kubwa la Tesco likasimamisha kununua avokado zake. Februari 2021 kampuni mama, Camellia, ilifikia maafikiano ya hadi pauni milioni 4.6 na waliofungua kesi London. Mnunuzi wa Ulaya leo anaweza kufunga mlango ndani ya wiki moja, kwa hiyo angalia kama kampuni ina njia ya kupokea malalamiko inayosimamiwa na watu wasio waajiriwa wake, na kama inachapisha yaliyotokea.

Hatua ya 8: Nani ameshika usukani

Karibu kila kampuni ya kundi hili ina bwana wake. Camellia ina zaidi kidogo ya nusu ya Kakuzi. Sasini iko mikononi mwa familia ya Merali. Williamson Tea ina mwanahisa mkuu mwenye mizizi Uingereza, nayo yenyewe inamiliki karibu 40% ya Kapchorua. Ukinunua zote mbili ukidhani umetawanya hatari, sehemu ya fedha zako imekwenda shamba lilelile mara mbili.

Maswali ni mawili. La kwanza: bwana huyo anajilipaje? Angalia miamala na wahusika wa karibu, yaani ada za usimamizi, udalali wa kuuza chai, ununuzi wa mashine. Limuru Tea ni somo zuri, kwa sababu kwa miaka mingi majani yake yamesindikwa na kampuni mama, iliyokuwa ya Unilever, kisha Lipton, na sasa Browns ya Sri Lanka. Bei inayopata kwa majani yake inategemea mkataba na mwenyewe aliye juu yake. La pili: miaka mibaya ilipokuja, gawio lilikatwa kwa nani? Bwana anayekula gawio sawa na wewe, bila ada za pembeni, ni mwenza mzuri hata kama humjui.

Hatua ya 9: Weka bei yako na ununue kwa subira

Limuru Tea ina hisa milioni 2.4 tu kwa jumla, Kapchorua nayo ina hisa chache, na nyingi ya hizo haziuzwi kamwe. Siku kadhaa hupita bila hisa hata moja kubadilisha mkono. Agizo lako dogo linaweza kusogeza bei, na bei ya jana kwenye skrini inaweza kuwa ya hisa mia mbili zilizouzwa na mtu aliyekuwa na haraka. Kwa hiyo usimwambie dalali wako anunue kwa bei ya soko. Mpe bei ya kikomo, yaani ya juu kabisa utakayokubali kulipa, na uiache isubiri wiki au miezi.

Bei hiyo ya kikomo ipate hivi: chukua wastani wa faida safi ya shamba kwa hisa, uamue unataka mavuno ya asilimia ngapi, yaani faida iwe asilimia ngapi ya bei unayolipa, kisha ugawanye faida hiyo kwa asilimia hiyo. Tazama kwanza hati fungani na hati za muda mfupi za serikali zinalipa nini siku hiyo. Mwaka 2024 hati za siku 364 zilipita 16%, na hapakuwa na sababu ya kununua shamba lenye mavuno ya 5% isipokuwa kwa ajili ya ardhi na ukuaji wa kweli. Ongeza akiba ya benki kwa hisa. Ukitaka, ongeza kiasi kidogo cha thamani ya ardhi. Bei ikiwa juu ya hapo, subiri. Wakati mzuri wa kununua kwa kawaida ni baada ya onyo la faida, ambalo kampuni hulazimika kulitoa ikitarajia faida kushuka kwa 25% au zaidi kuliko mwaka uliotangulia, mradi jedwali lako la miaka minane linakuambia shamba lenyewe halijaharibika.

Weka kalenda, kwa kuwa miaka yao ya hesabu haifanani: Kakuzi na Limuru Tea hufunga Desemba, Williamson na Kapchorua hufunga Machi, Sasini hufunga Septemba. Ukilinganisha Sasini na Williamson, unalinganisha misimu tofauti ya mvua na viwango tofauti vya dola. Kila matokeo mapya yakitoka, ongeza safu moja kwenye jedwali na uondoe ya zamani kabisa. Gawio ulihesabu baada ya makato: mkazi wa Kenya na raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukatwa 5%, wengine 15%. Msomaji aliye Muscat au Minneapolis asiye raia wa jumuiya akitangaziwa gawio la Sh10, mkononi atapata Sh8.50.